"Hao, Hao" ya Felisia

Pale Xiaobei, mtaa wa Wachina uliojaa wafanyabiashara Waafrika, Felisia alisifika kwa Kichina. Sokoni hatumii mkalimani. Hutaja bei, hupunguziwa, hufunga mzigo. Mumewe Abeli alimsifu mpaka kanisani, na Felisia, Mungu amsamehe, hakukataa sifa. Kumbe Kichina chake kiliishia kwenye bei na rangi za nguo. Mtu akizidi hapo, yeye hutabasamu na kujibu, "Hao, hao," yaani sawa, sawa.

Siku moja mwenye nyumba alimkuta kwenye ngazi, akaongea kwa kirefu. "Hao, hao," Felisia akajibu. Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu ya Abeli, simu ikautafsiri: kodi inapanda kwa robo, kama mlivyokubali.

"Hii hatuiwezi, itabidi tuhame," Abeli alisema. "Kwani ulikubali?"

"Kodi zimepanda mji mzima," Felisia alidanganya. 

Akamwendea Jacinta, Mkenya mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, anayesoma Kichina vizuri. Jacinta akaupitia mkataba wao wa nyumba.

"Huu ni wa miaka miwili, mmemaliza mmoja tu. Hakuna mahali wamesema kodi itapanda katikati. Hawezi kuipandisha peke yake."

"Lakini nilisema sawa, dada."

"Ulisema sawa kwa kitu hukuelewa. Mwambie mapema, na umwandikie kwamba unapinga. Kodi ya zamani lipa kwa wakati, usimpe sababu. Akikataa, kuna ofisi ya mtaa ya kuwapatanisha."

"Basi twende wawili. Abeli asijue."

"Abeli naye alisaini. Mficha uchi hazai, mama. Aje."

Jioni wakakaa wote watatu mbele ya mwenye nyumba, Jacinta akitafsiri. Felisia hakuinua macho.

"Mwambie sikuelewa alichosema. Kichina sikijui. Niliona haya kusema."

Abeli akageuka kumtazama. Mwenye nyumba alinung'unika, akausoma mkataba, mwishowe akakubali kodi ibaki ileile mpaka mkataba uishe. Akawatumia ujumbe wa kuthibitisha.

Walipotoka, Abeli aliuliza taratibu, "Na huu mkataba, si ulisema umeusoma?"

"Sikuusoma."

"Na karatasi za mizigo?"

Felisia akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa kanga. Abeli akakaa kando yake.

"Mimi nami nilisaini bila kuuliza," alisema. "Kesho tumpelekee Jacinta karatasi zote, atusomee tukiwa wote. Aibu hii tutagawana."