Orodha ya Saa Mbili Asubuhi

Risasi ya kwanza ilimkosa. Ya pili ikapasua kioo cha lifti.

Msumari hakupunguza mbio. Aliruka vidato vinne vya mwisho kwa mkupuo, akatua kwenye zulia la mapokezi, akamwona mtu wa helmeti nyekundu akitokomea jikoni.

"Simama!"

Nani amewahi kusimama kwa kuambiwa simama?

Wapishi walikuwa wamelala sakafuni kifudifudi. Helmeti Nyekundu aligeuka penye mlango wa nyuma, bastola mkononi. Msumari akanyakua sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka, akamrushia yote, maji na sufuria. Mtu yule alipiga yowe. Glock 19 ya Msumari ikabweka mara mbili, na yowe likakatika.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ghorofani, kitandani, alikuwa amelala shahidi wa pili, koo limekatwa, chai yake bado inatoa mvuke. Msumari alikuwa amechelewa dakika tano tu. Alijisikia vibaya sana, kisha akaahirisha kujisikia vibaya, maana kazi haikuwa imekwisha.

Alipiga simu. Upande wa pili alikuwa Shangazi, mkuu wake katika idara isiyo na kibao mlangoni. Hakuna aliyemjua kwa jina lingine.

"Shangazi, mgonjwa wa pili amefariki."

"Na aliyemtibu?"

"Amemfuata."

"Basi bado mmoja, mpwa wangu. Mahakama inakaa saa nane mchana. Huyo asipofika, hakimu anafunga jalada bila kutoa hati ya kulipekua bohari, Mfamasia anaondoka na bunduki zake elfu mbili."

Mfamasia hakuwa ameuza hata panadoli. Alikuwa mgeni mrefu, mpole wa sauti, aliyeingiza silaha nchini ndani ya makasha ya dawa. Watu watatu walikuwa wamemwona uso kwa uso, wakakubali kusema. Hawakuwaamini polisi, kwa hiyo kila mmoja alijificha kivyake hotelini. Sasa alibaki karani mmoja tu, mwanamke aliyechapa hati za mizigo yake.

Msumari alimpekua Helmeti Nyekundu. Mfuko wa ndani wa koti ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Akaikunjua.

Ilikuwa orodha ya wageni wa mahoteli, yenye muhuri wa kituo cha polisi wa asubuhi ileile. Majina matatu yalizungushiwa wino mwekundu. Mawili yalikuwa yamekatwa. La tatu lilikuwa la karani. Jina la hoteli lilisomeka, ila namba ya chumba ilikuwa imelowa damu.

Karatasi ile aliifahamu mistari na safu zake zote. Aliibuni yeye.

Mwaka juzi Msumari aliandika waraka: kila hoteli ipeleke kituoni majina ya wageni na vyumba vyao, kila siku, saa mbili kamili asubuhi. Bila hakimu. Bila maswali. Na kitabu cha wageni kisikatwekatwe wala kufutwafutwa, anayefuta anyang'anywe leseni. Alipongezwa kwa waraka ule, na cheo akaongezewa. Leo mchimba kisima alikuwa akikichungulia kisima chake, na ndani aliona watu wawili waliokufa.

Alichukua ufunguo mfukoni mwa maiti, akaipanda pikipiki ya marehemu, Yamaha iliyokuwa nje, akaifungulia mafuta hadi mwisho.

*

Hoteli ya tatu ilikuwa ya ghorofa mbili, maua ya plastiki mezani, lifti imebandikwa karatasi ya MBOVU iliyokwisha kugeuka rangi. Nyuma ya kaunta zilining'inia funguo, kila mmoja umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama mwiko ili mgeni asiusahau mfukoni akaenda nao kwao. Aliyekaa mbele ya funguo hizo alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Hoteli nzima ilimwita Mama Funguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una damu kwenye kola."

"Si yangu."

"Basi mwenyewe ana shida kuliko wewe. Nikusaidie nini?"

"Kuna karani amepanga hapa. Nataka namba ya chumba chake. Sasa hivi."

"Hati ya hakimu unayo?"

Msumari alipiga kitambulisho chake juu ya kaunta. Mama Funguo alivaa miwani, akakisoma mbele, akakigeuza, akakisoma nyuma.

"Hiki kinasema wewe ni nani. Hakisemi una haki ya kujua wengine ni akina nani."

"Mama, wanakuja kumuua!"

"Hivyo hivyo niliambiwa mwezi uliopita. Alikuja bwana mmoja, koplo kabisa, na kitambulisho chake. Anamtafuta mkewe, eti yuko hatarini, anataka kumwokoa. Nikamnyima. Akaenda zake kituoni akaisoma orodha yenu hiyo ya saa mbili. Mkewe yuko hospitali mpaka leo, taya limefungwa waya. Aliyekuwa akimkimbia ni yeye huyohuyo mwokozi."

"Lakini orodha mnapeleka wenyewe!"

"Anapeleka meneja, anaogopea leseni yake. Mimi sheria ninayoijua inasema mgeni akishafunga mlango, mle ndani ni kwake, mpaka hakimu aseme vingine. Wewe si hakimu. Nami si hakimu. Kaa pale, mwanangu, mpaka hati ifike."

Damu ilimchemka Msumari. Alinyoosha mkono, akamsukuma mama wa watu begani, akakivuta kitabu cha wageni. Kidole kikateremka. Jina hilo hapo, kwa mwandiko safi usiofutwa.

Chumba 214.

Mama Funguo hakupiga kelele. Alimtazama tu, kwa jicho la mzazi aliyechoka.

"Haya, nenda. Umeona ulichotaka kukiona."

*

Mlango wa 214 haukuwa umefungwa.

Ndani hapakuwa na mtu. Godoro lilikuwa uchi, bila shuka wala mto. Sakafu ilikuwa na maji ya kufika vifundoni, yakitiririka kutoka bafuni ambako bomba lilikuwa limepasuka na kufungwa kitambaa.

"Wamemchukua," alinong'ona.

Mara akasikia viatu vizito kwenye korido.

"Polisi! Fungua!"

Msumari aliurudisha mlango. Alijibana nyuma ya mlango. Teke moja, mlango ukafunguka, wakaingia wawili: Sajini wa polisi mwenye sare kamili, karatasi ya orodha mkononi, na nyuma yake pande la mtu, shingo kama gogo, bunduki fupi kifuani.

Msumari alimpiga risasi Gogo ya goti. Gogo alianguka akimimina risasi darini, plasta ikawanyeshea. Sajini akageuka, akautwanga mkono wa Msumari kwa kitako cha bastola. Glock ikaruka, ikatoka dirishani.

Wakashikana.

Wote wawili walidondokea bafuni. Msumari alipigwa kichwa kwenye sinki hadi akaona nyota mchana kweupe. Mkono wake ukapapasa, ukakuta mfuniko wa tangi la choo, wa kauri, mzito. Akauinua. Gogo alikuwa anajikokota mlangoni, bunduki inatafuta shabaha. Mfuniko ukampasukia usoni. Hakutikisika tena.

Sajini aliteleza majini akitaka kuokota bastola yake. Msumari akamwahi, akauzungusha mpira wa bafu shingoni mwake, akaukaza.

"Yuko wapi karani?"

"Sijui!" Sajini alikoroma, macho yamemtoka. "Orodha... orodha inasema 214!"

"Orodha niliitunga mimi," Msumari alisema. "Yuko wapi karani, nakuuliza!"

Sajini alichomoa kisu kiunoni, akamchoma pajani. Msumari alikaza mpira kwa nguvu zote za maumivu yale, mpaka kisu kikadondoka majini na miguu ya Sajini ikaacha kurusha maji.

Kimya.

Kisha kutoka chini ikasikika kengele ya kaunta.

Kling!

Ikapita kama nusu dakika.

Kling!

Haikuwa sauti ya mgeni anayeita huduma. Msumari aliokota bastola ya Sajini, akashuka akichechemea.

*

Mfamasia alikuwa amesimama kaunta, suti ya kijivu, Beretta yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Mkono wa kushoto wa Mama Funguo aliubana mezani. Kila alipoushukia kwa kitako cha bastola, meza ilitikisika na kengele ikalia yenyewe. Vidole viwili vilikuwa vimepinda upande usio wao.

"Bibi, nakuuliza kwa adabu," alisema kwa Kiswahili chake cha vitabuni. "Milio imekwisha huko juu na hakuna aliyeniita, kwa hiyo hayuko 214. Amehamia chumba gani?"

Mama Funguo alikuwa analia. Machozi yalimdondokea kwenye miwani. "Hati ya hakimu unayo?"

Kling! Cha tatu.

"Hata ungekuwa nayo," alisema akihema, "sasa nimeghairi."

"Mwache," Msumari alisema kutoka ngazini.

Beretta ikahamia kwenye paji la uso la Mama Funguo. "Weka chini silaha. Sogea. Mikono juu."

Msumari aliitupa bastola. Alisogea, paja likivuja, hadi akafika kaunta.

"Wewe ni serikali," Mfamasia alisema. "Huyu atakutii. Mwambie aandike namba ya chumba, nimwachie vidole vilivyobaki."

"Sawa. Nipe nafasi nitoe kalamu."

"Taratibu."

Msumari alichomoa kalamu ya fedha mfukoni mwa shati. Idara ilimpa miaka sita iliyopita. Ilikuwa nzito kidogo kuliko kalamu za watu, na risasi moja tu ndani. Alimtazama Mama Funguo, akaona jinsi alivyokunja uso, akajua mama anadhani anasalitiwa. Ilimuuma kuliko kisu.

"Mama," alisema, "inama uishike miwani yako isianguke."

Mama Funguo hakuelewa, lakini aliinama.

Kalamu ikalia kama chupa inayofunguliwa. Mfamasia alishika koo lake kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma hatua tatu, akaangukia maua ya plastiki. Alichukua muda kufa. Hakuna aliyemhurumia.

*

Msumari alimfunga vidole kwa vipande viwili vya ubao wa funguo na taulo ndogo ya hoteli. Mama Funguo alikuwa ameuma meno.

"Nisamehe, mama. Nilikusukuma."

"Ulinisukuma, ndiyo." Hakusema amesamehe.

"Kwa nini 214 haina mtu? Kitabu kinasema yumo."

"Bomba lilipasuka alfajiri. Nikamhamisha."

"Hukuandika."

"Niandike wapi? Waraka unasema kitabu kisifutwe hata herufi. Tukihamisha mtu, tunaandika daftari la mashuka, ili dobi ajue kitanda kipi akivue. Hilo daftari hakuna polisi amewahi kuliomba. Nani anataka kujua habari za mashuka?"

Msumari alikaza fundo la taulo. Katika waraka ule mzima, kifungu cha kijinga kuliko vyote ndicho kilichomwokoa mtu. Alitamani kucheka, akashindwa.

Alitazama saa. Saa nne na robo. Alitazama daftari la mashuka, pale pale pembeni ya simu, limefunikwa kwa taulo. Mkono mmoja tu na angelifungua.

"Mama, naomba umpigie mgeni wako. Mwambie kuna mtu hapa wa kumpeleka mahakamani. Akitaka ashuke. Asipotaka, nitakaa hapa mlangoni nilinde tu."

Mama Funguo akainua simu kwa mkono mzima, akampa mgongo ili asione anabonyeza namba gani, akazungumza kwa sauti ya chini.

Baada ya dakika tano karani akashuka ngazi, mfuko mmoja begani, uso umempauka. Aliona damu, aliona maiti. Aliona mkono wa Mama Funguo, akaenda moja kwa moja akamkumbatia.

"Twende," akamwambia Msumari. "Nitasema yote."

*

Saa tisa na nusu alasiri, Msumari alikuwa nje ya mahakama, paja lina nyuzi kumi na moja. Karani alikuwa ametoa ushahidi, na bohari la makasha ya dawa lilikuwa limezingirwa. Simu ikaita.

"Hongera, mpwa wangu. Naandika ripoti. Karani alikuwa chumba namba ngapi?"

"Sijui, Shangazi."

"Hujui?"

"Sikuwa na hati ya hakimu."

"Nitaandika hivyo. Kuna lingine?"

"Waraka wangu wa saa mbili. Kesho asubuhi usiwepo."

"Huo ndio uliokupa cheo."

"Basi kichukueni."

Alikata simu, akaiweka mfukoni kando ya kalamu tupu, akaondoka akichechemea, bila kugeuka nyuma.