Nitaiunda Mwenyewe

Renatha ni fundi cherehani pale Igoma. Anashona sare za shule, magauni ya kwaya na mapazia. Mume wake, Rwehumbiza, ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari isiyo mbali na nyumbani. Walihamia Mwanza kutoka Bukoba miaka mingi iliyopita. Binti yao, Winnie, anasoma chuo Dodoma.

Mwaka jana macho ya Rwehumbiza yaliharibika. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba alikuwa amechelewa kufika hospitali. Ilipofika Pasaka, hakuona tena hata herufi kubwa za ubaoni.

Hakuacha kufundisha. Sarufi ilikuwa kichwani mwake, na wanafunzi walimsikiliza. Andalio la somo alilichapa mwenyewe kwenye kompyuta, maana vidole vyake vilijua kuchapa tangu ujana. Tatizo lilikuwa kusoma. Sauti iliyokuja na kompyuta ilitamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana.

Siku moja, Jumatano, barua ilikuja kutoka kwa mkuu wa shule. Renatha alimsomea mumewe. Ilisema Jumatatu afike ofisini, athibitishe kwamba anaweza kusoma na kusahihisha kazi bila msaidizi. Akishindwa, mkuu atapendekeza astaafishwe kwa ugonjwa.

"Mimi si mgonjwa," Rwehumbiza alisema. "Mimi ni kipofu. Hayo ni mambo mawili."

Renatha alimpigia Winnie simu. Winnie alisema iko programu inayosoma Kiswahili vizuri. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, nayo ni ya bure. Alimtumia anwani ya tovuti yake.

Kesho yake Renatha alibeba kompyuta hadi kwa fundi mmoja wa kompyuta mjini. Fundi aliifungua tovuti, akacheka.

"Mama, hii si programu. Ni maandishi matupu, hakuna cha kubonyeza. Halafu maelezo yote ni ya Linux, mfumo mwingine wa kompyuta. Wewe una Windows. Nunua kompyuta nyingine."

"Hakuna njia nyingine?"

"Iko, ila ni ya wataalamu. Wewe rudi ukashone."

Renatha alifunga kompyuta, akaitia kwenye mkoba.

"Nitashona," alisema. "Na hii nitaiunda mwenyewe."

Jirani yao Annet anafundisha kompyuta katika chuo kimoja huko Nyegezi. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alikuja.

"Shikamoo mama Winnie. Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Nieleze kwa nini fundi alinicheka."

Annet alitazama tovuti. "Alikuambia nusu ya ukweli. Haya ni maandishi ya programu, yaliyoandikwa na binadamu. Kompyuta haiwezi kuyatumia mpaka yageuzwe. Zana inayoyageuza inaitwa kompaila. Na programu iliyogeuzwa kwa ajili ya Linux haifanyi kazi kwenye Windows."

Renatha alifikiri kidogo. "Ni kama patani ya karatasi, ile ya kukatia kitambaa. Ukinipa gauni lililoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, halinikai. Ukinipa patani, nashona kwa mwili wowote."

"Ndiyo hivyo hasa! Na hapa umepewa patani."

Annet alinyoosha mkono kwenye kibodi. Renatha akausogeza taratibu.

"Usiguse. Wewe niambie, mimi nitabonyeza. Jumatatu hutakuwepo."

Annet alitabasamu, akarudisha mkono mapajani.

"Sawa. Kwanza tusome maelekezo. Programu za namna hii huja na faili la maelekezo, mara nyingi linaitwa README. Watu wengi hulipita, halafu wanalia."

Walisoma pamoja. Maelekezo yalitaja zana zote zinazohitajika.

"Windows haiji na zana hizi," Annet alisema. "Lakini upo mfuko wa zana unaoitwa MSYS2. Uchukue kwenye tovuti yake yenyewe, si penginepo. Wengine watakupa zana na virusi juu yake."

Kupakua zana na maandishi ya programu kulichukua muda, maana intaneti ilikuwa ikikatika. Renatha alisubiri. Kisha aliandika amri ya kuweka kompaila, herufi moja baada ya nyingine. Akaandika amri ya kuanza kuunda. Kompyuta ikajibu kwamba haiijui amri hiyo.

"Haiijui vipi? Si tumeiweka sasa hivi?"

"Soma jina la dirisha ulilofungua."

"MSYS."

"Kompaila tuliyoiweka ni ya dirisha la UCRT64. Mfuko huu una madirisha kadhaa, na kila moja lina zana zake."

Renatha alifunga dirisha, akafungua la UCRT64. Safari hii mistari ilianza kushuka kwa kasi. Halafu ikasimama. Skrini ilijaa makosa juu hadi chini.

Alimkumbuka yule fundi na kicheko chake. "Annet, imeharibika."

"Haijaharibika. Usisome kosa la mwisho. Panda juu, tafuta la kwanza. Mengi ya hayo mengine yamezaliwa na hilo."

Renatha alipanda juu. Kosa la kwanza lilisema kuna faili la sauti halikuonekana.

"Maana yake kuna kifurushi cha sauti hatujakiweka," Annet alieleza. Renatha alikiweka, akarudia amri. Mistari ilishuka mpaka mwisho bila kosa.

Aliandika sentensi moja na kuiamuru kompyuta isome. Sauti ikatoka, ya Kiswahili safi: "Ngombe wa jirani wamekula mahindi."

Rwehumbiza aliinuka kwenye kiti. "Imekosea! Si ngombe. Ni ng'ombe!"

Annet alichunguza. Kompyuta ilikuwa inaandika ritifaa, ile alama ya kwenye ng', iliyopinda, na programu ilijua iliyonyooka tu.

"Basi tuifundishe," Renatha alisema. "Si tunayo patani?"

Annet alimwonyesha faili la matamshi. Renatha aliongeza mstari mmoja, akaiunda programu upya. Ng'ombe wakasomwa kama ng'ombe. Rwehumbiza alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Pasaka.

Kabla Annet hajaondoka, Renatha aliandika hatua zote kwenye daftari. Alimuuliza pia ingekuwaje kama kompyuta ingekuwa ya Linux. Akaandika hatua hizo pia.

Jumatatu asubuhi walikaa mbele ya mkuu wa shule, Mhoja. Mwalimu wa kompyuta, Revocatus, alikuwa ameitwa awe shahidi. Mhoja alitoa insha ya mwanafunzi, iliyokwisha kuchapwa, akaiweka kwenye kompyuta yao. Sauti ilisoma. Rwehumbiza aliinua kidole.

"Simamisha. Ameandika 'mtu ambao'. Ni 'mtu ambaye'. Na aya ya pili haina hoja."

Mhoja alikohoa. "Vizuri. Lakini hiyo ni kompyuta ya nyumbani. Kazi za wanafunzi zinakaa kwenye kompyuta za shule. Nazo zinatumia Linux. Programu yenu haitafanya kazi humo."

"Ni kweli, hii haitafanya," Renatha alisema. "Kwa hiyo nitaunda nyingine hapa hapa."

"Wewe ni mtaalamu wa nini?"

"Wa kushona."

"Mama, hii ni ofisi."

"Najua. Na barua iliyotoka ofisi hii imetuambia tuthibitishe. Nimekuja kuthibitisha. Mwalimu Revocatus aweke nywila yake, kisha akae anitazame."

Mhoja alimtazama Rwehumbiza, kama anayetaka mume amnyamazishe mkewe. Rwehumbiza alikuwa anatabasamu.

Revocatus aliweka nywila kwenye kompyuta ya shule iliyokuwa mezani. Renatha alifungua daftari. Kwenye Linux kazi ilikuwa nyepesi zaidi, maana zana zote zinatoka kwenye hazina ya mfumo wenyewe kwa amri moja. Alinakili maandishi ya programu kutoka kwenye flashi, akaanza kuunda. Mara skrini ikajaa makosa.

"Imekataa," alisema Mhoja.

"Haijakataa. Imetaja inachokosa."

Alipanda juu hadi kosa la kwanza. Ni kifurushi kilekile cha sauti. Kwenye Linux kina jina jingine, naye alikuwa ameliandika jina la Windows kwa mazoea. Alitazama daftari, akaandika jina sahihi. Mistari ikashuka mpaka chini.

Kisha kompyuta ya shule ikaisoma ile insha, yote, mbele yao.

Hatimaye Mhoja akasema, "Basi. Nitaandika kwamba Mwalimu anaiweza kazi yake."

"Andika sasa," Renatha alisema, "kwenye hiyo hiyo kompyuta. Mwalimu mwenyewe aisikie."

Mhoja aliandika. Sauti ikasoma barua yake polepole, neno kwa neno, hadi jina lake la mwisho. Rwehumbiza aliomba aongeze nukta mahali pamoja. Nukta ikaongezwa.

Muhula uliofuata wanafunzi wa kidato cha pili walianza kuchapa insha zao kwenye chumba cha kompyuta. Revocatus alikuwa ameiunda programu kwenye kompyuta zote tisa, akifuata nakala ya daftari la Renatha. Wiki ya kwanza, Rwehumbiza alisikiliza insha thelathini na nane. Asubuhi moja aliingia darasani na fimbo yake nyeupe, akasimama mbele.

"Insha ya kumi na moja na insha ya ishirini na sita," alisema, "zote zimeandika 'waliyokuwa' badala ya 'waliokuwa', katika sentensi ileile. Nawapa dakika moja. Mwandishi asimame, na aliyenakili asimame."

Wasichana wawili wa dawati la nyuma walitazamana, wakainuka.