Kabati la Lisette

Kila asubuhi Mwanvua alifagia nyua mbili, ua wa kwao na ua wa jirani. Akimaliza, alichukua kanga ya mama yake au shati kuukuu la baba yake, akaanika kwenye kamba ya jirani, ingawa katika nyumba ile hamkuwa na mtu. Mgeni angedhani mtoto amechanganyikiwa. Lakini Bujumbura ya mwaka ule wa 1995, nyumba ikionekana tupu ilikuwa imekwisha. Leo wanang'oa mlango, kesho madirisha, keshokutwa mabati, mwishowe zinabaki kuta zinazotazama mbingu. Kwa hiyo watu wa mtaa wa Buyenzi walioachiwa nyumba za wenzao waliziweka hai kwa ufagio na nguo za kuanika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Dorothée, aliyeitwa Mama Lisette, nayo ilishikana ukuta na nyumba ya kina Mwanvua. Siku risasi zilipoanza kulia avenyu za juu, yaani barabara za upande wa juu wa mtaa, Dorothée alifunga godoro na sufuria zake, akamshika binti yake Lisette mkono, wakapanda gari la kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka. Ufunguo alimpa Mama Mwanvua.

"Nyumba ni amana yako, dada," alimwambia. "Na Minu vilevile. Ana mimba, safari hataiweza."

Minu alikuwa paka wao wa madoa ya rangi ya chungwa, mpole, mwenye tabia ya kulala juu ya nguo za watu. Tangu siku ile Mwanvua akawa anampelekea vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali wa jana kwenye sahani, palepale uani. Mama aliweka sheria moja tu: uani tutaingia, ndani hatuingii mpaka wenyewe warudi. Baba alikuwa Kigoma kwa kazi ya mizigo, na boti za siku zile hazikuwa na ahadi. Basi nyumba mbili zilimwelemea mwanamke mmoja, na wasaidizi wake walikuwa Mwanvua, mwenye miaka kumi na miwili, na Hamimu, mdogo wake, aliyekuwa bado anaogopa kwenda chooni peke yake.

Sasa, ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kilichomsumbua Mwanvua. Mwaka uliotangulia, rafiki yake Lisette alipata komunyo ya kwanza, akavalishwa gauni jeupe lenye lesi mikononi. Watoto wa avenyu nzima, Waislamu kwa Wakristo, walikwenda kunywa Fanta na kumtazama. Mwanvua ni mtoto wa madrasa, komunyo hakuitaka. Alichotaka ni lile gauni.

Siku moja mama alikwenda kutafuta makaa, akauficha ufunguo chini ya godoro. Mwanvua alimwagiza Hamimu akae asitoke, akauchukua, akafungua kufuli la jirani. Minu akamfuata, tumbo likikaribia kugusa sakafu. Ndani mlikuwa na joto na vumbi. Chumbani kwa Lisette palikuwa na kabati kubwa la mbao nzito, na ufunguo wake ukining'inia mlangoni. Mwanvua alilitoa gauni, akalivaa juu ya nguo zake, akajizungusha mbele ya kioo. Lilimbana mabegani. Hata hivyo, kwa kitambo kile hapakuwa na vita mjini.

Kisha mzinga ukalia upande wa mtaa wa Kamenge, vioo vya madirisha vikatetemeka. Kutoka barabarani akasikia mama yake anamwita kwa jina. Alilivua gauni kwa pupa, akalitupa ndani ya kabati chini kabisa, akausukuma mlango, akazungusha ufunguo, akakimbia nje, akalifunga kufuli, akaurudisha ufunguo wa nyumba chini ya godoro kabla mama hajaingia. Hakutazama ndani. Anayefanya jambo la kujificha hana muda wa kutazama.

Jioni Minu hakuja kula. Mwanvua aliita, akagonga sahani, kimya. Alikumbuka manyoya yaliyompita mguuni pale kabatini. Alikumbuka pia kwamba paka anayekaribia kuzaa hutafuta mahali pa giza penye nguo laini. Tuseme ukweli wenyewe: Mwanvua hakuwa anashuku. Alijua.

Angeweza kusema jioni ileile. Na mlango wa kusema alifunguliwa na mama mwenyewe, aliyekuwa ameona kitu alipopita uani.

"Mwanvua, kufuli la jirani limegeuka. Uliingia ndani?"

"Apana, mama."

"Nitazame. Uliingia?"

"Sikuingia. Labda ni upepo."

Upepo wa kugeuza kufuli la chuma haujapata kuvuma. Lakini mama alikuwa amechoka, na binti yake hakuwa na sifa ya uongo. Akaamini. Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, na usiku akalala nao.

Kulipokucha mji ulikuwa umefungwa. Siku za namna hiyo watu waliziita "ville morte", yaani mji mfu: vijana wenye silaha walitangaza kwamba asionekane mtu barabarani, na maduka, shule na magari vikanyamaza. Atokaye, shauri lake. Familia zilikaa ndani zikisikiliza. Na katika kusikiliza huko, Hamimu aliweka sikio ukutani akasema Minu analia ndani ya ukuta. Mwanvua alimvuta pembeni, akamwambia hao ni panya, na panya wakisikia wanatajwa huja kung'ata watu vidole. Mtoto hakusema tena. Usiku alilala amekunja ngumi.

Mwanvua alijiambia atauiba ufunguo mama akilala. Mama hakulala usingizi wa maana. Akajiambia atasema kesho. Kesho ilipofika, mji ulikuwa bado umefungwa, na kosa lilikuwa limeongezeka: kuvunja amana, kumdanganya mama, kumtisha mdogo wake. Kila alipofumbua mdomo aliona mzigo umekuwa mzito kuliko jana, akaufumba. Na kule ukutani kilio kilipungua, kikapungua, mwisho ikabaki sauti ya makucha yanayokwaruza mbao. Kimya kidogo, kisha yanakwaruza tena.

Sauti hiyo aliisikia pia Mzee Yahaya, fundi wa magari ambaye karakana yake iliegemea nyuma ya nyumba ya Dorothée. Majuma machache kabla, kwenye avenyu nyingine, mtu alijificha katika nyumba iliyokimbiwa, kisha akatoka na kurusha guruneti kwenye foleni ya maji. Kati ya waliokufa alikuwamo kaka wa Tajudini, na Tajudini ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wa ulinzi wa avenyu yao. Tangu hapo Buyenzi haikucheka na sauti ndani ya nyumba tupu. Mzee Yahaya aliogopa, naye akafanya alichoona ni haki: alimwambia Tajudini.

Walikuja baada ya swala ya alasiri, kundi la vijana wenye marungu na mapanga. Tajudini alitangulia na dumu la petroli. Huyu alikuwa mziba matairi, na mara nyingi alikuwa amemzibia Hamimu mpira wake bure. Siku ile macho yake hayakumtafuta Hamimu.

"Mama Mwanvua, toa watoto nje," alisema. "Kuna mutu ndani ya hii nyumba."

Alieleza bila kupandisha sauti. Mlango hawataufungua, kwa sababu mwenye guruneti anamngoja gizani yule atakayefungua. Watamwaga petroli chini ya mlango na kuwasha. Akitoka, watamwona. Asipotoka, basi.

Mama alikwenda akasimama mbele ya mlango wa jirani. Akasema humo hamna mtu. Wakamwuliza nguo zinazoanikwa pale kila siku ni za nani. Akasema ni zake na za mumewe, za kuwahadaa wezi, na kila mtu hapo anajua desturi hiyo.

"Bwana yuko Kigoma, shati lake liko Bujumbura," kijana mmoja wa nyuma alisema. "Shati linatembea peke yake?"

Wachache wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Tajudini akauliza kuhusu chakula kinacholetwa kwenye sahani kila asubuhi.

"Cha paka wa Mama Lisette."

"Huyo paka yuko wapi?"

Mama akageuza shingo kumtafuta, na hapo ikamjia kwamba hajamwona Minu tangu mji ufungwe. Kabla hajajibu, kutoka ndani ikasikika sauti ya kukwaruza. Vijana wakarudi nyuma hatua moja, marungu yakainuka.

"Wallahi," mama alisema, akauegemea mlango kwa mgongo. "Tangu mwenyewe aondoke, mlango huu haujafunguliwa na mutu yeyote. Naapa kwa Mungu."

Tajudini aliinama akalitazama kufuli. Lilikuwa na vumbi pote, isipokuwa pale pa kushika.

"Umeapa uongo, mama," alisema, karibu kwa huruma. "Anayeficha muuaji ni mwenzake muuaji. Toka hapo, ama baki. Chagua."

Akafungua dumu. Harufu ya petroli ikajaa ua aliokuwa ameufagia Mwanvua. Mama alikuwa amevaa kandambili za bluu, na Mwanvua alizitazama kandambili zile akingoja zisogee. Hazikusogea. Mama alikuwa anaamini neno la binti yake, na alikuwa tayari kuungua nalo.

Mwanvua akamwachia Hamimu mkono, akasema.

"Ni mimi. Mi ndiye nilifungua. Nilivaa gauni ya Lisette, nikafungia Minu ndani ya kabati. Mama hajui. Nilimudanganya."

Yule kijana wa shati akasema mtoto amefundishwa maneno. Wengine wakaitikia. Tajudini alimtazama Mwanvua kwa muda, kama mtu anayetaka kuamini na anaogopa kitakachomtokea akiamini.

"Basi nitaingia mi mwenyewe," Mwanvua akasema. "Kama kuna mutu, ataniua mi."

Mzee Yahaya, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, akapenya mpaka mbele. Alisema habari ile ameileta yeye, kwa hiyo mtoto akiingia, yeye atasimama kizingitini, na mwenye kiberiti ajue anamwasha nani. Mama alifungua pindo la kanga. Aliweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake bila kumtazama usoni.

Mwanvua aliingia. Harufu ilimpokea kabla ya kufika chumbani. Alizungusha ufunguo wa kabati, mlango ukafunguka polepole, kwa sababu kitu kilikuwa kimeuegemea. Minu akaanguka nje. Makucha yake yalikuwa yamevunjika na miguu ya mbele ilikuwa na damu. Mbao za ndani zilikuwa zimechimbwa mistari mieupe kutoka chini mpaka pale paka alipoweza kufika. Juu ya gauni la komunyo walilala watoto wake, wadogo kama vidole, wamekauka. Hakuna aliyekuwa hai. Mama asiye na maji hana maziwa.

Aliwafunga kwenye gauni, akambeba Minu kwa mkono mwingine, akatoka kwenye mwanga. Alipiga magoti akalifungua gauni chini, ili kila mtu aone. Minu alijikokota mpaka kwenye ndoo ya maji, akanywa.

Tajudini alilitua dumu chini likiwa wazi. Mzee Yahaya akalichukua, akalifunga yeye.

"Ningewachoma," Tajudini alisema. "Ningemuchoma mama yako, ewe mutoto, na leo ningelala nikijua nimefanya vizuri."

Akaondoka ameinamisha kichwa, na wenzake mmojammoja wakamfuata.

Waliwazika wale wadogo nyuma ya choo. Kisha mama na binti wakakaa kwenye beseni kulifua gauni, sabuni juu ya sabuni. Madoa yalififia, hayakutoka. Hamimu alikaa karibu yao, anampa Minu uji kwa kidole, na mara kwa mara anamtazama dada yake kana kwamba ni mtu mgeni. Ndipo mama akasema, taratibu.

"Niliapa kwa jina la Mungu juu ya neno lako, Mwanvua. Kesho nitafunga saumu kwa ajili ya kiapo hicho, na wewe utafunga pamoja nami. Sasa nisikilize. Ukifunga mlango, tazama kwanza umefungia nini. Na ukikosea, sema siku ileile, wakati kosa ni dogo na paka angali analia. Siku za amani, mtoto akidanganya, anachapwa, yamekwisha. Siku hizi zetu, uongo wa mtoto unaweza kumwua mama yake, na kumfanya kijana wa watu muuaji. Tajudini si mutu mubaya. Alikuwa gizani, mi pia nilikuwa gizani. Mwenye taa ulikuwa wewe, na uliificha."

Mwanvua alilia bila sauti. Baadaye akauliza itakuwaje Lisette atakaporudi na kuliona gauni lake.

"Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, yote," mama alisema. "Atalia, na atakugombeza sana."

Akalikamua gauni mpaka maji yakaisha, akalitazama upande wa jua.

"Tuombe tu Mungu, mwanangu, arudi atugombeze."