Tukio la Nne

Wewe ulipopotea utotoni, nani alikurudisha nyumbani? Usiseme hukupotea. Apatikane ndugu mmoja wa kukuapia, na baada ya wiki mbili utakumbuka hata rangi ya nguo uliyovaa.

Hilo ndilo Samira alilokuja kulithibitisha Tukuyu mwaka tisini na sita, akitokea chuo kikuu na kinasa sauti cha kuazima. Unamsimulia mtu matukio manne ya utoto wake, matatu ya kweli, la nne la kutungwa, kisha unasubiri uone kama ubongo utalimeza. Wa kwanza kupimwa alikuwa mama yake mwenyewe, Bi Sophia wa Ibighi. Wa kutoa matukio alikuwa mjomba Uwesu, kaka yake Bi Sophia, muuza mitumba.

"Chuo kizima kinakufundisha kutunga uongo?" mjomba alicheka. "Si ungebaki hapa sokoni, tukufundishe bure!"

Lakini uongo akautoa, tena bila kufikiri: Sophia, akiwa na miaka sita, alipotea kwenye migomba ya Kisondela siku ya ukungu, jioni akarudi peke yake.

Bi Sophia alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hilo silikumbuki, mwanangu."

Baada ya siku chache alikumbuka harufu, ya kuni zilizomwagiwa maji. Samira akafurahi, akarekodi. Tatizo ni kwamba harufu ile ilikuwa imeshaingia jikoni, na jiko halikuwa limewashwa.

Kisha mama akaanza kusahau. Alisahau dua ya chakula. Akasahau jina la marehemu mumewe. Asubuhi moja alimuuliza Samira, kwa adabu kabisa, "Wewe ni mgeni wa nani?" Na kila ukungu uliposhuka alisimama mlango wa nyuma, anasikiliza.

"Kuna nini, mama?"

"Mtoto. Anasema nimpishe."

Samira aliogopa. Akafanya kama vitabu vyake vinavyoelekeza, akasema ukweli. "Mama, nisamehe. Ile ya Kisondela tuliitunga mimi na mjomba. Hukupotea."

Bi Sophia alimgeukia. "Kama mliitunga, nani ananiita?"

Ndipo Samira naye akasikia, nje, kwenye migomba: sauti ndogo iliyokauka kwa kulia.

Wakamwita Maalimu Jaffari wa madrasa aje kumsomea mama. Alasiri ile ukungu ulikuwa mzito hadi jirani haonekani, ubani ukafukizwa, mjomba Uwesu akakaa kona akiwa ameinamisha kichwa, na Maalimu alipoanza kusoma Alhamdu, ile sauti ya nje ikaidaka, ikaenda naye aya kwa aya kwa kitembe cha mtoto aliyefundishwa vizuri, ikisogea kutoka migombani hadi uani, kutoka uani hadi dirishani, huku Bi Sophia, ndani, akiwa ameziba masikio, akirudi nyuma kwa magoti mpaka chini ya kitanda, akikoroma kama kitu ambacho hakijawahi kufundishwa kusema.

Maalimu akanyamaza. Nje, ile sauti ikamaliza yenyewe, ikasema amina.

"Jamani," Maalimu alinong'ona, "ninayetakiwa kumtoa ni yupi?"

"Ni wasiwasi tu," Samira alisema. "Lile tukio ni la uongo. Mjomba, waambie! Mwambie Maalimu ni la uongo!"

Uwesu hakuinua uso.

"Uliponiomba uongo sikuwa nao, mwanangu. Nikakupa lililokuwepo."

"Mjomba?"

"Nilichoka kumbeba. Nikamwacha migombani analia, nikakimbia kucheza. Niliporudi kumtafuta hakuwepo. Nikafika nyumbani nimelowa manyunyu, nikamkuta huyu ameshakaa jikoni, nguo kavu, anakula. Mama yetu akasema, 'Huyu mbona kimya leo?' Nilijua siye. Wallahi nilijua. Niliogopa kipigo, nikamwita Sophia. Akaitika."