Miguu Juu ya Mto

Mto ulinuka miguu.

Haikuwa ile harufu ya kawaida ya soksi za siku moja. Ulinuka miguu iliyolowa ndani ya viatu vya mpira ikasahauliwa humo, na Kijiko alikuwa ameufua mto huo jana yake tu, akauanika juani mpaka ukakauka kau. Aliunusa tena, maana binadamu akikutana na uvundo lazima ahakikishe. Akaugeuza upande wa pili, akalala.

Jina la Kijiko alipewa na wenzake wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa alitembea na kijiko mkobani. Palipo na sufuria, naye yupo. Ulipoanza mwaka wa pili chuo kiliwatoa mabwenini kupisha wapya, kila mtu ajitafutie. Madalali walimzungusha hadi soli ikatoboka. Vyumba vya karibu vilitaka mtu mwenye mshahara, vya mbali vingemmaliza kwa nauli, na nyumbani walishasema: ukikosa pa kulala rudi, utasoma Mungu akijalia. Kwa hiyo alipopata chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, kwa bei ya kuchekesha, hakuuliza kwa nini. Rahisi ghali, wanasema. Wasemao hivyo wana pa kulala.

"Sharti langu moja," alisema mama mwenye nyumba, akiangalia pembeni. "Kitanda hiki cha mtu mmoja. Usimkaribishe mwingine, hata kwa mdomo tu."

"Sawa, mama," Kijiko aliitikia, huku akicheka moyoni. Mwenye nyumba gani asiyesema hivyo? Bwenini walibebana mwaka mzima. Asiye na kitanda alikwaruza mlango kwa ukucha, msimamizi asisikie. Mwenye kitanda akajibu, "Pita, tubebane," wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu huku, cha yule kule, miguu ya mwenzio usoni pako. Yeye alibebana na shoga yake, msichana mrefu waliyemwita Nguzo, ambaye sasa alikuwa kwa mjomba wake, akivumiliwa.

Alasiri moja ya joto Kijiko alijilaza, pazia kalishusha, akasikia mlango unakwaruzwa. Taratibu, kwa ukucha.

"Nguzo," alisema bila kufumbua macho. "Pita, tubebane."

Hakusikia mlango kufunguka. Godoro lilibonyea upande wa pili, na nyayo mbili zikaja kujilaza shavuni pake, baridi, zimelowa, ngozi imevimba na kulegea kama ya mtu aliyeshinda akifua.

"Shoga, umepita mtaroni? Kanawe basi."

Simu ikatetemeka chini ya mto. Akaipokea. "Kijiko, uko wapi?" ilikuwa sauti ya Nguzo. "Mimi niko maktaba nakungoja."

Dole gumba la mguu mmoja lilikuwa limeanza kutembea, likapita kidevuni, likapapasa mdomo wa chini kama kipofu apapasavyo kitasa, na katikati ya vidole mlikuwa na uji mweusi, na nywele, na punje za wali uliochacha, kunradhi kwa wanaokula, na dole lile likasukuma meno, likapata upenyo, likaingia, likatulia juu ya ulimi wake kana kwamba limefika kwao.

Alijikuta uani, akitapika ukutani.

"Umemkaribisha," alinong'ona mama mwenye nyumba. Hakuwa akiuliza.

"Mama, ulijua?"

"Ningekwambia ungepanga?" Akamfutia mdomo kwa upande wa kanga. "Harufu yake hutangulia, kisha hukwaruza kwa kila anayekaa humo. Ukinyamaza huchoka, hupita zake. Sikujua nyinyi wanafunzi huwa mnajibu."

Mganga aliletwa siku ileile, shemeji wa mama huyo, mzee mkavu asiye na maneno. Alimkalisha Kijiko kitandani, akamnywesha maji machungu kuliko shubiri, akamwamuru aseme kwa sauti, "Kitanda hiki cha mtu mmoja," tena na tena. Alitapika maji ya mtaro. Akatapika nywele. Mwisho akatapika kucha, nene, za njano, zikalia ndani ya beseni. Mama mwenye nyumba alishindwa kutazama.

"Ametoka," mganga alisema, akifunika beseni. "Sasa ana hamu ya kitanda, na ataiga sauti ya mtu. Usimkaribishe yeyote kabla ya jua la kesho. Na akipokewa na mwingine, huyo aliyempokea usimkaribishe tena hapa maisha yako. Atakuja naye."

Jioni haijaingia vizuri, mlango ukakwaruzwa.

"Kijiko," sauti ya Nguzo ilisema. "Mjomba kanitolea begi nje. Tubebane."

Kijiko alichungulia pembeni mwa pazia. Alikuwa Nguzo kweli, kwa urefu wake wote, macho mekundu, begi begani. Ama alionekana kuwa Nguzo.

"Kitanda hiki cha mtu mmoja," Kijiko alisema, akiuma shuka.

Nguzo alipandisha mkanda wa begi. "Sawa," akasema, akaondoka. Kijiko alilia kwa aibu mpaka usingizi ukamchukua.

Jua lilikuwa limeshachomoza simu ilipolia.

"Mbona umeondoka bila kuaga?" Nguzo alikuwa anapiga miayo.

"Nimeondoka wapi?"

"Hapa saluni. Msusi wangu kaniachia ufunguo nilale kwenye kochi. Nimejilaza tu, nikakusikia unakwaruza mlango, unasema nikusamehe. Nilikuwa nimenuna, kusema kweli, ila wewe ni ndugu yangu. Nikakwambia pita, tubebane. Umeme umekatika, hata sura sikukuona." Akatema mate. "Ila shoga, usinichukie. Miguu yako inanuka. Nimepiga mswaki mara mbili, ladha haitoki."

"Nguzo, siyo mimi niliyekuja."

"Acha bwana, yameisha. Lakini kochi limelowa lote, msusi ataniua. Silali tena hapa." Sauti yake ikawa ndogo. "Kijiko, sina pengine. Nije kwako?"

Kijiko alikaa kitandani, simu sikioni. Mto wake ulinuka sabuni, na kitanda kilikuwa kikavu, kisafi, kinatosha wawili.

"Sema basi," Nguzo alisema. "Nije?"