Nyumba Kumi na Nne Zilizofungwa

Mwantum alifagia uwanja, akala kiporo cha wali, akakimbilia shuleni. Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka 1994, na siku hiyo darasa la sita lilikabidhi hesabu ya maji. Watu wa mradi wangechimba kisima kimoja tu cha pampu, kwenye kitongoji ambacho watu hutembea muda mrefu zaidi kufuata maji safi.

Mwantum alikuwa amepewa kitongoji cha Bondeni, nyumba ishirini. Alikuta sita tu zina watu. Kumi na nne zilifungwa kwa kamba. Wenyewe walikuwa wamehamia mashambani, wanalala kwenye madungu, vile vibanda virefu vya miti, wakiamia ndege na nguruwe wasimalize mpunga. Kuwafuata ni kuvuka tope la magotini. Waliobaki nyumbani hawakuwa wakulima. Walikuwa wenye maduka, na kila mmoja ana baiskeli.

"Dakika kumi tu," walimjibu wote sita alipouliza muda wa kufuata maji.

Mwantum akaandika kumi mara ishirini.

"We Mwantum, umevuka bonde lote na miguu imetakata hivyo?" Sadallah, mwanafunzi mwenzake, akamchokoza darasani.

"Yanakuhusu nini? Tazama daftari lako!"

Mwalimu Johari akajumlisha, akagawanya, akapata wastani wa dakika kumi. Kwenye chati ubaoni, nguzo ya Bondeni ikawa fupi kuliko zote. Akamsifu Mwantum kwa mwandiko mzuri. Baada ya wiki tatu kisima kikachimbwa kitongoji cha Barabarani.

Mavuno yalipokwisha, Bi Mashavu, shangazi yake Mwantum anayekaa Bondeni, aliingia darasani na ndoo mkononi, hata hodi hakupiga.

"Mwalimu, nani kasema mie natumia dakika kumi? Nimeota mabawa? Kufuata maji safi ni mwendo wa saa nzima kwa miguu! Ndiyo maana tunateka mtoni, na juzi mamba kala mbuzi wangu palepale ninapoinama."

Wanafunzi walicheka. Mwantum akasimama.

"Ni mimi, shangazi. Sikukukuta. Nikakuandikia jibu la wenye baiskeli."

"Mtoto wa kaka yangu wa damu!" Bi Mashavu alisema, akatoka.

Kesho yake Mwalimu Johari na Mwantum walipita nyumba zote kumi na nne. Kila mlango jibu lilikuwa dakika sitini. Wastani wa kweli wa Bondeni ukawa arobaini na tano, mkubwa kuliko wa kitongoji chochote. Mwalimu akaandika barua, akaipeleka mwenyewe Kibiti, kwenye ofisi ya mradi. Jibu likarudi: Bondeni watachimbiwa kisima, mwakani.

"Mwakani," Bi Mashavu alisema aliposomewa jibu hilo darasani. "Na mamba nimwambie asubiri?"

Mwalimu Johari akaligeukia darasa.

"Kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa na wiki tatu tu za kufundisha somo hili. Nikachagua kuwafundisha wastani na chati, kwa sababu ndivyo vinavyoulizwa kwenye mtihani. Sikuwafundisha nani wa kuulizwa, wala msimu gani anapatikana. Darasa lijalo nitaanza na hilo, hata kama chati itakosa nafasi. Lakini zile dakika kumi ulizozibuni, Mwantum, hakuna aliyekufundisha. Usiyemkuta, andika hukumkuta. Ukimjibia, umemnyang'anya kinywa chake, na wewe umeona alichokikosa."