Meli Iliyolala Upande

Ng'ambo ya maji, binti yake fundi cherehani alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Fundi alishona vinguo vidogo, akavikunja, akavitazama. Alikuwa bado hajamshika mjukuu wake.

Alikuwa amejaribu kwenda. Meli ilipoondoka gatini, abiria wote walikimbilia upande mmoja kuwapungia ndugu zao mkono, kama ilivyo desturi. Meli ikalala upande. Maji yakaingia. Nahodha akairudisha kwa taabu.

Jirani yake, mkaguzi wa meli, alikuja kuchukua suruali.

"Mama, hujaenda tu?"

"Mwanangu, roho inataka, miguu inagoma. Meli ile ina jini."

"Jini ni saruji iliyopakiwa juu!" Akaliweka kopo tupu lielee kwenye beseni la maji, akaweka mkasi juu yake. Kopo likapinduka. Akalitia vifungo ndani. Likasimama wima. "Uzito ukikaa chini, meli ikiinama hurudi. Ukikaa juu, na watu wakarundikana upande mmoja, hairudi."

"Nani atawaambia wenye meli?"

"Sheria mpya. Kila meli ya abiria ipimwe kama ni thabiti. Watu wasizidi kiwango. Mizigo mizito ikae chini, ifungwe. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea. Meli yenu imeshindwa kipimo, nimeizuia. Inatengenezwa."

Miezi ikapita. Binti akapiga simu: "Mama, anatambaa. Utamkuta anatembea!"

Fundi akamwendea mkaguzi. "Iruhusu safari moja tu, baba. Nitakaa kimya kama mzigo."

Mkaguzi akatikisa kichwa. "Mama, ikizama, nani atampigia binti yako simu?"

Fundi akarudi kwenye cherehani. Akafumua vile vinguo, akavipanua.

Hatimaye meli ilipimwa, ikafaulu. Siku ya safari, baharia aliwaonyesha abiria jinsi ya kuvaa jaketi, akawaomba wabaki vitini. Hata hivyo, kijana mmoja akainuka kupunga mkono.

"Kaa, mwanangu!" fundi akamwambia. "Wanaokupenda wanataka ufike."

Kijana akacheka, akakaa. Meli ikaenda, ikiinama na kurudi, ikiinama na kurudi.

Bandarini ng'ambo, mtoto alisimama kwa miguu yake, akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Hakujui, mama," binti akasema, machozi yakimlengalenga.

Fundi akachuchumaa, akafungua mikono.

"Atanijua. Si nimefika?"